Mita Mia na Ishirini za Waya Mwembamba

Sultan Hamud,
12 Februari 2024

Mpwa wangu Syombua,

Leo ni miaka ishirini na tisa na miezi minne tangu nitoke Tulia. Sikukusudia kuhesabu. Nilipoandika tarehe hapo juu hesabu ilijifanya yenyewe, kama inavyofanya kila nishikapo kalamu.

Natumaini mko wazima, wewe na watoto na mbuzi. Mimi nina afya ya mtu wa miaka sabini na mmoja: magoti yanalalamika na macho yanafanya kazi kwa zamu. Masikio ndiyo yamekwisha, ndiyo maana sikupokea simu zako. Nimefunga koili za mota kando ya barabara ya Mombasa miaka mingi, malori yakipita mlangoni, na masikio yamelipia. Ulifanya vizuri kuandika. Jambo lenyewe ni la tarakimu, na tarakimu zikisemwa kwa simu kila mtu husikia zake.

Hapa mvua ilinyesha Desemba, Januari ikatusahau. Mbaazi zimebeba kidogo.

Nimesoma barua yako mara tatu, na nitairudia kwa ufupi ili uone kama nimeelewa. Stima ilipofika kanisani miaka miwili iliyopita, kamati ya maji iliweka pampu mpya kisimani, ikaiunganisha kwa waya wa zamani uliozikwa ardhini tangu siku za jenereta. Wewe ukapewa kazi ya kuitunza. Tangu hapo mota imeungua mara tatu. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alipima kule kisimani, akakuta volti mia mbili na arobaini kamili, akasema laini ni nzima na kosa ni la anayewasha. Kamati inasema unaiacha pampu ivute hewa maji yakiwa yameshuka. Watakaa tarehe ishirini na tano Mei. Wasipopata sababu nyingine, utaondolewa kazini na jina lako litasomwa kanisani kama la mkosaji.

Najua jina likisomwa pale mbele linavyosikika. Tuliache hilo.

Kuna kitu hukuandika. Fundi alipima pampu ikifanya kazi, au ikiwa imeshatolewa? Nadhani ilikuwa imetolewa, maana ilikuwa imeungua. Kama ni hivyo, hakupima kitu. Waya usiobeba mzigo huonyesha volti zilezile mwanzo na mwisho, hata uwe mwembamba kama uzi wa kushonea. Upungufu huonekana mkondo ukipita.

Kwa hiyo tafuta birika la stima. Usitumie mota, kwa sababu mota huvuta mkondo mwingi ikianza na hesabu yake ni ndefu. Birika ni waya unaopata moto ndani ya maji, basi. Lijaze, liunganishe kule kisimani mahali pa pampu, umtafute mwenye mita. Likiwa linachemsha, pima volti kanisani, pima volti kisimani, na pima mkondo. Nataka namba hizo tatu. Zima kwanza, unganisha, kisha ndipo uwashe. Vaa viatu vikavu.

Msalimie mama yako, kama anapokea salamu zangu.

Mjomba wako,
Nyamai


Tulia,
3 Machi 2024

Mjomba wangu,

Pokea salamu za watoto na zangu. Barua yako ilichukua siku tisa, ikaja na dereva wa gari la vitunguu ambaye aliikalia mpaka ikapata joto. Tuko wazima. Mbuzi wawili wamezaa. Mahindi yamesimama lakini majani yameanza kujikunja, na wanawake wanachimba mchanga mtoni kutafuta maji huku kisima kizima kipo. Wakinipita na punda hawasalimu kama zamani.

Ulikisia sawa. Fundi alipima pampu ikiwa juu ya ardhi, imelala kwenye gunia.

Birika niliazima kwa mke wa mchungaji. Mita ni ya Adan, mwenye duka la vifaa hapa sokoni. Aliposikia nataka kuchemsha maji kisimani alicheka mpaka akashika kaunta. "Syombua, maji yako hapo, stima iko hapo, sasa sukari utatoa wewe?" Lakini alifunga duka akaja mwenyewe. Watu wakajaa. Mmoja akasema Syombua akifukuzwa kwenye pampu ameshapata kazi ya hoteli.

Namba ni hizi. Kanisani, 240. Kisimani birika likichemka, 210. Mjomba, nilipoona hiyo 210 nilimwambia arudie. Adan alipima mara tatu.

Ila mkondo umenishinda. Mita ya Adan ina taya kama koleo, unabana waya nayo bila kuukata. Tulibana pale waya unapotoka ardhini. Ikasema sifuri. Birika linafoka, mita inasema hakuna kinachopita! Adan anasema labda betri.

Mama nilimpa salamu zako. Akauliza, "Amesema ana afya?" Nikamwambia magoti. Akaenda kulisha mbuzi ambao nilikuwa nimeshawalisha.

Mimi nilikuwa na miaka minane ulipoondoka. Nikiuliza watu kwa nini ulienda, kila mtu hukumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Kama hutaki kuniambia, ni sawa.

Mpwa wako,
Syombua


Sultan Hamud,
14 Machi 2024

Mpwa wangu Syombua,

Nimefurahi kwa mbuzi. Hapa nilikuwa na homa wiki nzima, sasa imeshuka. Najma, jirani anayeuza vitambaa, aliniletea uji, akanikaripia kwa ishara za mikono kwa sababu anajua simsikii.

Betri ya Adan haina kosa. Ndani ya waya mliobana kuna nyaya mbili, mmoja unapeleka mkondo na mwingine unaurudisha. Unaokwenda na unaorudi ni sawasawa, na mita ikiiona yote miwili kwa pamoja, mmoja hufuta mwingine. Nenda kwenye kisanduku cha kanisani, ambapo nyaya zimeachana, ubane mwekundu peke yake.

Ukipata ampea, yaani kipimo cha mkondo, usingoje barua yangu. Hesabu mwenyewe. Volti zilizopotea njiani ni 240 toa 210, yaani thelathini. Gawanya thelathini kwa ampea utakazopata. Jibu ni ukinzani wa waya, kwa ohm, yaani kiasi ambacho waya unakataa kupitisha. Halafu chukua volti za mahali popote uzizidishe kwa ampea, utapata nguvu inayotumika pale, kwa wati. Fanya kwa birika, fanya kwa waya, ujumlishe. Jumla lazima ilingane na nguvu yote inayotoka kanisani. Isipolingana, umepima vibaya.

Umeuliza kwa nini niliondoka. Nitaandika mara moja tu.

Waya ule niliuchagua mimi. Nilivuta utepe kutoka kanisani hadi kisimani, mita mia na themanini, nikanunua mita mia na themanini za waya mnene, ule mafundi huuita wa milimita sita. Kisha nikaenda Nairobi kuchukua pampu. Siku hizo tatu mwethya, kikundi cha kazi cha wanawake kikiongozwa na mama yako, kikachimba mtaro, kikalaza waya, kikafukia. Niliporudi walikuwa wanaimba. Baada ya wiki tano pampu ikaungua. Wiki ileile ikaonekana kwamba waya wa taa za kanisa, mita mia na ishirini za waya mwembamba, haumo stoo. Wazee wakaunganisha mambo hayo mawili: mtu aliyenunua waya mbovu wa kisima ndiye huyohuyo aliyeuza waya wa taa. Jina langu likasomwa Jumapili, na mimi nimeketi kiti cha tatu kutoka mbele.

Ufunguo wa stoo ulikuwa na watu wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili sitamtaja, na sikumtaja siku hiyo.

Bana waya mmoja tu.

Nyamai


Tulia,
7 Aprili 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Pole kwa homa. Mwambie Najma nimemshukuru. Mvua imeanza juzi, kidogo, ya kulaza vumbi tu. Shule zimefungwa na nyumba imejaa kelele.

Nimechelewa kwa sababu Muthama, mwenyekiti wetu, alichukua ufunguo wa chumba cha stima. Alisema mtu anayechunguzwa hawezi kuwa ndiye anayechunguza. Nikamwambia, "Basi njoo ubane mwenyewe." Akaja! Amevaa koti la harusi, amesimama mbali kama anayeogopa nyoka. "Syombua, hiyo kitu ikilipuka mimi sikuwa hapa." Adan akambana mkono kwa taya za mita, akamwambia, "Mwenyekiti, wewe huna mkondo." Hata yeye alicheka.

Ampea ni saba na nusu.

Nimefanya hesabu kwenye daftari. Thelathini gawanya kwa saba na nusu, nne. Waya una ohm nne. Birika, 210 mara saba na nusu, wati 1,575. Waya, 30 mara saba na nusu, wati 225. Jumla 1,800. Halafu nikafanya za kanisani, 240 mara saba na nusu: 1,800! Zimekutana. Niliruka, mjomba. Mimi niliyeacha shule darasa la nane.

Lakini Muthama akauliza swali. "Sawa, ohm nne. Hiyo ni nyingi au ni kidogo?" Nikaliandika swali lake kwenye daftari. Niambie.

Ulichoandika kuhusu kuondoka kwako nimekisoma. Sikumsomea Mama. Sijui kama nimefanya vizuri. Tangu nianze haya mapimo hali chakula vizuri, na kila jioni huniuliza, "Amejibu nini?" kisha hangoji jibu.

Syombua


Sultan Hamud,
16 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Barua imefika jana. Nashukuru kwa mvua, hata hiyo ya vumbi. Hesabu yako ni safi. Nimefundisha vijana wenye vyeti wasiojua kuijaribu kwa kujumlisha.

Jibu la Muthama ni hili: ohm nne ni nyingi mno.

Mita mia moja za waya wa milimita sita zina ohm 0.31. Kutoka kanisani hadi kisimani ni mia na themanini kwenda na mia na themanini kurudi, jumla mia tatu na sitini. Hiyo ni ohm moja na pointi moja. Pampu yenu inavuta ampea kumi na moja. Kwa waya huo ingepoteza volti kumi na mbili, isingejali. Kwa ohm nne inapoteza arobaini na nne. Inabakiwa na volti mia moja tisini na sita, na wakati wa kuanza, mkondo unapokuwa mara kadhaa ya huo, inabakiwa na chini zaidi. Mota inahangaika, inavuta zaidi, inapata joto, inaungua. Kila pampu ilipowashwa, karibu wati mia tano zilikuwa zinapasha joto udongo wa Tulia. Hakuna mtunzaji angeweza kuizuia, hata akilala kando yake. Wewe huna kosa. Andika sentensi hiyo kwenye daftari lako.

Sasa zile ohm za ziada. Nne toa moja na pointi moja ni mbili na pointi tisa. Zimetoka wapi? Kiungo kibovu huongeza kidogo, si kiasi hicho. Nikajiuliza kama kuna waya mwingine uliounganishwa katikati, mwembamba zaidi. Waya wa taa, wa milimita moja na nusu, una ohm 1.21 kwa kila mita mia. Nikagawanya. Nikapata mita mia mbili na arobaini. Ugawe kwa mbili, kwa kuwa unakwenda na kurudi.

Mia na ishirini.

Niliiangalia. Nikatoka nje nikanywa maji, nikarudi nikaanza upya tangu mwanzo wa ukurasa. Ni mia na ishirini.

Tembea juu ya mtaro kutoka kanisani hadi kisimani, unapopita wenyewe, si njia ya mkato, na uhesabu hatua. Kisha niambie. Sitaandika zaidi leo.

Nyamai


Tulia,
11 Mei 2024

Mjomba,

Nisamehe. Najua umengoja. Sisi ni wazima, kunde zimechanua, na sikuwa na sababu yoyote ya kuchelewa ila kwamba sikujua niandike nini.

Nilitembea. Kwa hatua zangu ni mita mia tatu.

Unatoka kanisani vizuri, umenyooka. Ukifika pale ithembo, kile kichaka ambacho watu wa zamani walikuwa wakipelekea sadaka ya kuomba mvua, mtaro unapinda kulia. Unazunguka ithembo yote, mbali kabisa, unapita nyuma ya shamba la Kyule, ndipo unarudi kisimani. Nyasi zinaonyesha, zina rangi nyingine. Nimepita hapo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza.

Nilichimba kwenye kona na jembe. Kiungo kipo. Waya mnene umesokotwa na mwembamba kwa mkono, ukafungwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kitambaa. Umekuwa mweusi, kama mkaa.

Nilimrudia Mama na udongo mikononi. Alikuwa anachambua kunde. Aliuona huo udongo, akajua.

Nitaandika kama alivyosema. "Jumapili kabla ya hiyo kazi, mchungaji alihubiri kwamba ithembo ni kichaka tu, anayekiogopa hajaokoka. Tukasema amina. Jumanne tukafika pale na majembe. Hakuna aliyepiga jembe. Kila mmoja alikuwa anafunga leso upya, anatafuta mwiba kwenye mguu. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Nikasema zungukeni, na asiseme mtu. Waya haukufika. Nikaenda stoo nikachukua ule wa taa. Nilidhani waya ni waya."

Nikamuuliza, "Na walipomsoma mjomba kanisani?"

"Nilikuwa nimeketi."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilingoja aniulize. Alikuwa anajua ufunguo mwingine ni wangu. Angekuja kuniuliza ningemwambia. Alichukua sanduku, akapita mbele ya mlango wangu, hakuuliza."

Kisha akaendelea na kunde zake.

Mkutano ni tarehe ishirini na tano. Nikisema ohm nne, Muthama atauliza zimetoka wapi. Nikisema zimetoka wapi, namtaja Mama, na ana miaka sabini na sita. Nikinyamaza, jina linalosomwa ni langu, na watoto wangu watakuwa wameketi hapo. Nifanye nini? Jibu haraka, tafadhali. Nimempa dereva mayai ili asiikalie barua.

Syombua


Sultan Hamud,
20 Mei 2024

Syombua,

Nimepata yako leo asubuhi na najibu nikiwa nimesimama, gari linangoja.

Waambie waya una ohm nne na unatakiwa kuwa na moja. Waonyeshe hesabu. Waambie ufukuliwe. Wakiuliza nani aliunganisha, sema anayejua ni Nyamai, na kama wanataka wamuulize Nyamai. Wameshazoea kunilaumu, haitawapa kazi mpya. Usimtaje mama yako.

Nyamai


Tulia,
2 Juni 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Tunavuna kunde, watoto wamerudi shule, kifua changu kimekuwa chepesi.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba. Mkutano ulikuwa umepita. Gari liliharibika Mukuyuni, barua yako ikalala huko siku nne pamoja na nyanya.

Kwa hiyo niliingia bila jibu lako. Nilisimama na daftari, nikasoma namba zote kama nilivyokuandikia. Adan alikuja kuthibitisha, akasimama mlangoni. Nikafika kwenye ohm nne, nikasema laini haijawahi kuwa nzima. Muthama akasema, "Haya. Zimetoka wapi?" Nikafungua mdomo na sijui mpaka leo kingetoka nini.

Mama alikuwa nyuma. Sikujua amekuja, nilimwacha nyumbani. Akasimama na fimbo yake.

"Muthama, keti."

"Mama Kalunde, tuko kwenye mambo ya pampu."

"Na mimi niko kwenye pampu. Keti. Wewe siku hiyo ulikuwa unatubebea maji ya kunywa, uliona mtaro ukipinda, ukauliza mbona tunapinda, nikakupiga kofi. Umesahau kofi langu?"

Watu wakacheka, Mjomba, lakini si kicheko kizuri. Wanawake wa umri wake walikuwa saba mle ndani. Wote waliangalia chini. Akaeleza kila kitu: mahubiri, majembe, ufunguo. Alisema, "Ndugu yangu hakuiba waya. Waya uko ardhini, nenda ukauangalie. Nimeuficha miaka ishirini na tisa." Kisha akaketi, akaomba maji.

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba hayo ni ya zamani, na Wavinya, mmoja wa wale saba, akamwambia, "Nyamaza, hata wewe ulijua."

Mimi nimebaki kwenye kazi. Pampu haitawashwa mpaka waya ubadilishwe, na wanawake bado wako mtoni, ila sasa wananisalimu.

Kanisa limeamua jina lako lisomwe upya, safari hii kukuomba radhi, na wanataka uwepo. Mwethya watachimba mtaro mpya mwezi Agosti, wanataka uwasimamie. Wanabishana kama wapite katikati ya ithembo au la. Vijana wanasema wapite. Muthama amesema chumba chako kitajengwa upya kabla hujafika. Mama amefua blanketi lile zito na kulianika, na hapa hakuna baridi.

Uje, Mjomba. Nitakupokea barabarani mwenyewe.

Syombua


Sultan Hamud,
15 Juni 2024

Mpwa wangu Syombua,

Nimepata barua yako na nimekaa nayo siku tano. Nafurahi kwa kunde. Mimi ni mzima, ila kutembea hadi kituo cha magari sasa kunanichukua saa moja na nusu, na zamani ilikuwa robo saa.

Nianze na waya, maana Agosti haiko mbali. Waambie vijana wasipite katikati. Hakuna haja. Mzunguke ithembo kama mama zenu walivyozunguka, mita mia tatu, na mnunue waya wa milimita kumi, kipande kimoja, bila kiungo. Mita mia sita za kwenda na kurudi za waya huo zina ohm moja na pointi moja, ileile niliyoitaka mimi. Pampu itapata volti mia mbili ishirini na nane. Kabla hamjafukia mtaro, chemsheni birika kisimani na mpime. Fukieni baada ya kuona namba. Wewe ndiye usimamie. Adan akusaidie kubana, na Muthama asimame mbali na koti lake.

Unaona jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Singemlazimisha mtu apige jembe pale. Hata mimi nilipovuta utepe nilipita katika kichaka hicho nikiwa nimeinamisha kichwa, na nilikuwa mzee wa kanisa. Ningeambiwa mtaro umepinda, ningenunua waya mnene zaidi. Hakuna zaidi ya hapo. Mtu mmoja angeniambia Ijumaa, Jumamosi ningekuwa dukani.

Sasa umsomee mama yako sehemu hii.

Kalunde, dada yangu. Ni kweli sikuuliza. Nilijua ufunguo wa pili ulikuwa wako, nikaamini umeuza ule waya. Mume wako alikuwa mgonjwa mwaka ule na nilijua hali ya nyumba. Nikaona nikikuuliza utalazimika kunidanganya au kukiri, na yote mawili sikuyataka. Nikanyamaza nikadhani nakulinda. Nimekuona mwizi miaka ishirini na tisa, na kila mwaka nilikusamehe kwa kosa ambalo hukulitenda. Nilijisifu moyoni kwa msamaha huo. Wewe ulificha waya, mimi nilikufikiria hivyo. Sijui ni nani kati yetu aliyemkosea mwenzake zaidi, na sina nguvu ya kufanya hesabu hiyo.

Blanketi ulitumie wewe. Tangu utoto wetu wewe ndiye unayesikia baridi.

Syombua, waambie wazee nimesikia, na jina langu walisome kama wanataka. Litasomwa vilevile nikiwa sipo. Wasijenge chumba. Nguvu hiyo iende kwenye mtaro.

Najua utauliza kama nina hasira. Nilikuwa nayo, ikaisha pole pole, sikumbuki mwaka gani. Nilitamani kuitwa Tulia kwa muda mrefu hata nilikuwa nimepanga nguo ya kuvaa siku hiyo. Sasa nimeitwa, nimekaa na barua siku tano nikingoja mwili uinuke, na haukuinuka. Watu niliotaka wanione nikishuka kwenye gari wengi wamezikwa. Waliobaki nitawafundisha kunitambua, na mimi nijifunze kuwatambua, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye miaka mingi mbele yake. Hapa watu wananijua kwa mota zao. Wananiletea, nazifunga, wanaondoka.

Endelea kuniandikia. Nitumie namba mtakazopata Agosti, zote tatu.

Mimi sitarudi Tulia.

Mjomba wako,
Nyamai